Likizo yangu na mtoto wa miezi minne wakati wa Emergency, na jinsi jina lake lilivyotuzuia pale Thuci

Wakuu, hamjambo nyote, mlio nyumbani na mnaosoma hapa ofisini mkijifanya mna kazi nyingi.

Nimevuka miaka tisini. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, hakuna anayenishikia simu. Yote nitakayosema ni kweli, na moja kati ya hayo nimelificha tangu ujana wangu. Nikifika pale mtalijua.

Juzi nilisoma uzi wenu wa kusafiri na mtoto mchanga. Kurasa nne nzima. Stroller gani inakunjwa vizuri, hoteli gani ina kitanda cha mtoto, akilia kwenye ndege ufanye nini. Halafu mmoja wenu akaandika kwamba watu wa zamani hawakujua likizo.

Huyo ndiye aliyenikasirisha.

Mimi nilienda likizo. Na mtoto wa miezi minne. Tena wakati wa Emergency, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, ambapo mtu wa Meru au wa Embu hakuweza hata kumtembelea shangazi yake wilaya ya pili bila karatasi ya serikali.

Waliosema sitaweza walikuwa wengi. Nitataja watatu tu, kwa sababu hao ndio walioniazima vitu vya safari.

Wa kwanza ni Mwalimu Mutuma, jirani yangu pale Muthara. Alisema, "Mito mingine yote utavuka. Lakini Thuci hutavuka na mtoto mchanga. Ukivuka, uje uniite mwongo mbele ya darasa langu."

Thuci, kwa msioujua, ni mto unaotenganisha upande wetu wa Meru na upande wa Embu.

Wa pili ni Mzee Salim, mfanyabiashara Mwislamu wa Meru mjini, mwenye lori la viazi. Yeye alisema kwa upole, kwa kile Kiswahili chake ambacho sote tulikionea wivu, "Mwanangu, safari na mtoto mchanga ni safari mbili. Na siku hizi hata moja ni nzito."

Wa tatu ni mama yangu mzazi. Hakusema neno. Alitikisa kichwa akaendelea kuchambua maharagwe. Hiyo iliniuma kuliko maneno ya wale wawili.

Sasa mjue walikuwa wanamwambia nani.

Mimi nilichunga mbuzi za watu. Nilichoma makaa, nikauza ngozi, nikajilipia karo mwenyewe, sikuchangiwa hata senti. Nikaenda Uganda, nikarudi na Diploma ya Kilimo. Wakati huo ukitaka kuhesabu wenye diploma Muthara nzima ulihitaji kidole kimoja, na ndicho hiki ninachoandikia.

Serikali ilinipa kazi ya kufundisha watu kupanda kahawa. Mwaka ulipoisha ikanipa leave ya siku kumi na nne.

Kule Uganda nilikuwa nimewaona Wazungu wakienda likizo. Mke, mtoto, kikapu, kofia. Hawaendi kwenye kilio, hawaendi harusini, hawaendi kudai ng'ombe. Wanaenda tu. Nikajiambia, siku nikiwa na familia nami nitaenda tu.

Muthara hakuna aliyenielewa.

"Unaenda kwa nani?"

"Naenda likizo."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi unakimbia nini?"

Lakini niseme ukweli, maana nimeahidi. Kulikuwa na mtu wa kwenda kumwona. Mke wangu, Igoki, alikuwa mtu wa Kanja, upande wa Embu. Baba yake alikuwa mgonjwa kifuani, na dereva wa Mzee Salim, aliyeitwa Bakari, alituletea ujumbe kutoka huko: "Mzee anasema mumletee mwenziwe amwone kabla hajachelewa."

Mwenziwe alikuwa mtoto wetu.

Nyinyi wa huku kwetu mnajua, lakini wa mbali niwaeleze. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu upande wa baba. Wetu wa kwanza alipewa hivyo, akaitwa Mwiti, ndiyo maana mimi niliitwa Baba Mwiti. Wa pili huchukua jina la babu upande wa mama. Na si jina tu. Yule mtoto ni yule mzee. Igoki alimwita mwanawe "baba", akamsalimu kwa heshima asubuhi, na alipomkasirikia alimwomba radhi kwanza.

Mzee aliitwa Ireri wa Njagi. Basi mtoto naye ni Ireri wa Njagi.

Mzee alitaka kumpakata mwenziwe na kumtemea mate ya baraka kifuani. Ni hilo tu. Igoki hakulala vizuri tangu ujumbe ule ufike. Aliniambia, "Baba Mwiti, wewe ita hiyo safari likizo au chochote utakacho. Mimi nataka baba amwone mtoto."

Nikaanza maandalizi. Hapa ndipo kiburi changu kilipoanza kufanya kazi.

Mwalimu Mutuma aliniazima kikapu cha mtoto, cheupe, chenye mishikio miwili. Alikinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Mzee Salim akaniazima chupa ya chai, ya kuwekea maji moto, na nafasi mbili mbele ya lori lake. Mama akaniazima ngozi ya mbuzi ya kumbebea mtoto mgongoni. Ilikuwa laini kama sikio. Ndiyo iliyonibeba mimi na ndugu zangu wote.

Niliipokea kwa mikono miwili, lakini moyoni niliiona aibu. Mwenye diploma na ngozi ya mbuzi! Niliikunja nikaificha chini ya nguo. Mwiti, mtoto wetu mkubwa, tukamwacha na mama.

Sasa, kikapu kilikuwa na kigodoro. Chini ya kigodoro niliweka diploma yangu, ndani ya bahasha. Msinicheke. Nilikuwa naenda ukweni mara ya kwanza tangu nihitimu. Nilitaka waione.

Ikabaki pasi, ile karatasi ya serikali ya kusafiria.

Nilikwenda ofisini kwa karani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyeandika polepole. Akaandika jina langu. Akaandika la Igoki. Akainua muhuri.

"Na mtoto je?" nikamuuliza.

"Mtoto wa mgongoni haandikwi."

"Kwa nini?"

"Mtoto wa mgongoni ni mama yake."

"Mwanangu ni mtu. Aandikwe."

Karani akanitazama kama mtu aliyeona kuku akidai kiti. "Andika mwenyewe basi, wewe mwenye diploma."

Nikaichukua ile form. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa Uganda, mzuri ajabu. Igoki akaninong'oneza nyuma ya bega, "Mwandike jina lote. Baba akisomewa karatasi ya serikali yenye jina lake atafurahi." Nikaandika: Ireri wa Njagi. Pahali pa kwenda: Kanja. Jumla ya watu: watatu.

Pahali pa umri hapakuwepo. Mtoto mchanga ni kitu ambacho form ile haikukijua.

Karani akagonga muhuri, akacheka hadi kiti kikalia. Mimi nikatoka kifua mbele.

Tuliondoka Meru mjini asubuhi, mimi na Igoki mbele na Bakari, kikapu kikiwa mapajani mwangu. Mtoto alitapika kabla ya Nkubu. Alitapika tena baada ya Nkubu. Igoki alifua nepi katika kila mto tulipopumzisha injini, na Bakari akafunga kamba juu ya magunia ya viazi akazianika. Zikawa zinapepea nyuma yetu zote nyeupe. Bakari akasema, "Mwalimu, tukikutana na jeshi watadhani tumesalimu amri."

(Watu waliniita mwalimu, ingawa nilifundisha kahawa tu.)

Katika kizuizi cha kwanza mlinzi aliangalia pasi, akahesabu, "Mmoja, wawili, watatu," huku akinyooshea kidole mimi, Igoki na Bakari. Akatupungia mkono. Nilitaka kumsahihisha, kwamba dereva ana karatasi yake na mtu wa tatu yumo kikapuni. Igoki akanikanyaga mguu.

Laiti angenikanyaga na pale Thuci.

Kituo cha homugadi, wale askari wenyeji waliolinda kwa niaba ya serikali, pale Thuci kilikuwa upande wetu wa daraja. Kilikuwa na handaki lenye vigingi vikali na mnara wa miti. Kamanda wake alikuwa mtu wa ng'ambo, wa Embu, mrefu, mwenye koti kubwa na macho ya kuchoka. Aliitwa Nyaga.

Alisoma karatasi ya Bakari, akairudisha. Akasoma yetu. Akaisoma tena.

"Watu watatu," akasema. "Naona wawili."

"Wa tatu huyu hapa," nikasema, nikainua kikapu.

Akachungulia. Mtoto alikuwa amelala mdomo wazi.

"Huyu ndiye Ireri wa Njagi?"

"Ndiye."

"Wa Kanja?"

"Anaenda Kanja."

Akaingia kibandani, akatoka na daftari. Ilikuwa orodha ya watu wa vijiji vya ng'ambo, vile vijiji ambamo serikali ilikuwa imewakusanya watu ndani ya ua. Akateremsha kidole, kikasimama.

"Ireri wa Njagi wa Kanja ni mzee. Haruhusiwi kutoka kijijini. Sasa karatasi yako ya Meru inasema Ireri wa Njagi anatoka Meru, anarudi Kanja. Alitokaje? Na mmemshusha wapi?"

Wakuu, nilichanganyikiwa. Nilifungua mdomo, nikaeleza. Nilieleza kwa Kimeru. Nikaeleza kwa Kiswahili. Nikaeleza kwa Kiingereza, ambacho kamanda hakukijua, lakini niliona kingesaidia. Kadiri nilivyoeleza, homugadi walizidi kutusogelea.

Kisha nikakumbuka diploma, nikamtangazia kamanda kwamba ninayo.

Nikaingiza mkono chini ya kigodoro. Bahasha ilikuwa moto. Nilipoitoa nikaelewa kwa nini. Ireri wa Njagi alikuwa amejisaidia haja ndogo, na yote ilikuwa imeshuka.

Kamanda akaishika kwa ncha ya vidole viwili. Maji yakadondoka kwenye kiatu chake.

"Hii ndiyo diploma?"

"Ndiyo."

"Niliisikia sifa yake," akasema. Homugadi wakacheka hadi mmoja akaketi chini. Mimi sikucheka. Bado sicheki sana.

Yule ndugu atakayeandika "mzee leta picha", tulia. Diploma iko ukutani kwangu ndani ya kioo. Lile doa lipo mpaka leo, limekaa kama ramani. Nitamwomba binti yangu aipige picha.

Basi tukazuiwa. Bakari alikuwa na viazi vya watu, hakuweza kungoja. Alituachia ndizi na mkate, akasema atatupitia kesho akirudi kutoka Embu. Nikamwona anavuka daraja na zile nepi zetu zikipepea. Nepi zote, wakuu. Tulikuwa tumesahau kuzianua.

Hapo ndipo Igoki alipotoa ngozi ya mbuzi kutoka chini ya nguo. Hakunisema. Alimvua mtoto, akamfunga kwa ile ngozi, na ngozi hailowi kama kitambaa. Unapangusa tu. Kile kikapu cheupe cha Mzungu kikawa mahali pa kuwekea ndizi.

Lakini hofu kubwa haikuwa nepi. Igoki ndiye aliyeiona, mimi nilikuwa bado nalilia diploma.

"Baba Mwiti," akaniambia, "hawa wakiandika kwamba baba alitoka kijijini bila ruhusa, atafungwa. Mgonjwa vile. Atafia humo. Na ni karatasi yetu iliyosema ametoka."

 Tulikuwa tumekwenda kumpelekea mzee mjukuu. Sasa tulikuwa tumempelekea shtaka.

Igoki akasimama, mtoto mgongoni, akaenda mlangoni kwa kamanda. Nikamfuata.

"Baba," akamwambia kwa Kiembu, kwa adabu, "una watoto?"

"Ninao."

"Wa pili wa kiume anaitwa nani?"

Kamanda akasita. "Mugo."

"Mugo ni nani?"

"Baba ya mama yake."

"Basi unajua huyu mgongoni kwangu ni nani. Ulijua tangu mwanzo."

Kamanda akachungulia mgongoni kwake. Akakuna shavu. Kisha akasema maneno ambayo nimeyatafakari miaka mingi kuliko yote niliyofundishwa Uganda.

"Mimi najua, mama. Karatasi ndiyo haijui. Bwana DO, yule Mzungu wa wilaya, atapita hapa kesho, atasoma karatasi, hatanisoma mimi. Karatasi inasema mtu mzima amepotea kati ya Meru na hapa. Nikiwaachia, aliyepotea nimempoteza mimi."

"Ifute basi hiyo karatasi," nikasema.

"Imegongwa muhuri. Wewe ndiye uliyetaka igongwe."

Igoki akaanza kulia, bila sauti. "Baba anakufa," akasema. "Kifua. Alitaka kumwona huyu tu. Ukimwandikia kesi hatamwona, na mimi nitakuwa nimemuua kwa kumwandika jina."

Kamanda akamtazama. Akauliza, "Anakufa kweli?"

"Kweli."

Akaingia ndani. Tukamsikia akiandika. Akamwita homugadi mmoja mwenye baiskeli, akampa barua mbele yetu, akaisoma kwa sauti, kama mtu anayetaka tusikie: Ireri wa Njagi wa Kanja aletwe kituo cha Thuci kesho, mapema, kwa kutambuliwa.

Nilipandwa na hasira. Nikaona sasa wanamburura mgonjwa kitandani. Nilisema mambo mengi kuhusu serikali ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kamanda alinijibu neno moja tu, "Keti."

Tulilala katika stoo ya mahindi. Mke wa homugadi mmoja alituletea uji. Mtoto alilala kuliko siku zote. Mpaka leo sielewi. Nyumbani kwenye kitanda chake analia usiku kucha, pale kwenye handaki na vigingi analala kama gunia.

Kesho yake, jua likiwa limepanda vizuri, Landrova ya serikali ilikuja kutoka ng'ambo. Ikavuka daraja polepole. Nyuma, juu ya magunia, alikuwa amelala mzee mwembamba, amefunikwa blanketi, na homugadi wawili wamemshika asidunde.

Igoki alikimbia. Mimi nilibaki nimesimama, sikujua nichukue uso gani. Nilitarajia mtu anayelia kwa maumivu.

Mzee alikuwa anatabasamu.

"Muthoni," akaniita, yaani mkwe, "umeona? Nimelipa kodi ya serikali tangu nikiwa kijana. Leo ndiyo wamenirudishia. Wamenipandisha motokaa."

Alikuwa hajatoka nje ya ua wa kijiji kwa miezi mingi. Alikuwa hajaona mto. Akaomba wamgeuze atazame maji. Homugadi wakamgeuza, tena kwa upole, kama wanageuza baba yao.

Wakamshusha, wakamlaza kivulini nje ya kituo. Igoki akatandika ile ngozi ya mama yangu kwenye magoti yake, akamweka mtoto juu.

Wakatazamana.

Mzee akasema, "Haa. Kumbe ndivyo nilivyo."

Akamtemea mate ya baraka kifuani, kidogo, mara moja na ya pili. Mtoto akapiga chafya. Mzee akacheka hadi akakohoa, tukaogopa. Akapumua, akamwambia mtoto, "Jina nimekuazima. Tembea nalo vizuri. Mimi nalitumia muda mfupi tu uliobaki."

Hapo Bwana DO akafika. Alikuwa Mzungu kijana, amevaa kaptura, pua imeungua jua. Kamanda akapiga saluti, akampa pasi yetu.

"Ireri wa Njagi ni nani?" DO akauliza kwa Kiswahili chake.

Mzee akainua mkono.

"Wewe ulitoka Meru?"

"Mimi mkubwa, hapana. Mimi mdogo, ndiyo." Akamwinua mtoto.

DO akamtazama kamanda. Kamanda akatazama mbele, mkakamavu kabisa. "Wote wawili wapo, bwana. Hakuna aliyepotea."

Nikaona sasa ni zamu ya elimu. Nikasogea, nikamweleza DO kwa Kiingereza safi, desturi yetu yote, kuanzia mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba hajaelewa kitu, na kwamba anashukuru, kwa sababu kama angeelewa ingebidi aandike ripoti. Akatoa kalamu, akaandika kwenye pasi neno moja: Seen, yaani imeonwa. Akatia sahihi, akaingia garini mwake, akaenda.

Nilidhani sasa tunavuka wote pamoja kwenda Kanja. Nikaanza kukusanya vitu. Kamanda akatikisa kichwa.

"Kanja imefungwa," akasema. "Wiki nzima hii. Adhabu. Haingii mgeni, hatoki mtu, ila kwa amri ya kituo."

Nikasimama na kikapu mkononi.

Yaani hata kama ningeandika pasi sawasawa. Hata kama mtoto angebaki mgongoni asiandikwe, tukapita Thuci salama na diploma kavu. Tungefika mlangoni pa kijiji tukafukuzwa. Mzee angekuwa ndani ya ua, sisi nje. Njia moja tu ya kumwona ilikuwa atolewe kwa amri ya kituo, kwa kutambuliwa.

Nikamuuliza kamanda, "Ulijua Kanja imefungwa? Jana, ulipoandika ile barua, ulijua?"

Akafunga kifungo cha koti lake.

"Mwalimu," akasema, "mtoto analia. Mpe mama yake."

Ni hilo tu alilosema.

Tulikaa na mzee pale kivulini muda wa mtoto kunyonya mara mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa likizo yangu, wakuu. Siku kumi na nne nilizopewa, nikatumia kunyonya mara mbili. Tulikula ndizi za Bakari. Mzee aliomba aone diploma. Nilimfunulia, bado ina unyevu. Hakujua kusoma, lakini alinusa, akasema, "Naona nimekwisha kuitia sahihi."

Kisha Landrova ikamrudisha. Aliinua mkono juu ya magunia mpaka ng'ambo. Igoki alisimama kwenye kizuizi akamtazama mpaka vumbi likatua.

Bakari alitupitia mchana na nepi zetu, kavu, amezikunja vizuri kuliko mimi. Tukarudi Meru.

Mzee alifariki kabla kahawa ya msimu ule haijaiva. Habari ilipofika, Igoki alilia, halafu akanyamaza, akasema, "Alimwona." 

Mimi na Igoki tulibishana miaka hamsini. Yeye alisema kamanda alijua kila kitu, na ile barua aliiandika kwa huruma. Mimi nilisema hapana, alikuwa anajikinga tu, na kilichotusaidia ni mimi kusisitiza mtoto aandikwe. Alikuwa akinijibu, "Ulisisitiza kwa kiburi." Nami nasema, "Lakini nilisisitiza." Amefariki bila kukubali. Na mimi sasa, usiseme nimesema, sina hakika tena. Nikifikiri kamanda alijua, nakumbuka sauti yake aliposema "Keti". Nikifikiri hakujua, nakumbuka alivyosoma ile barua kwa sauti.

Nilijifunza nini? Nimejaribu kupata funzo zuri la kuwaachia, linanitoroka. Labda hili. Nyinyi mnaulizana stroller na car seat, vizuri, nunueni. Lakini mtoto mchanga haendi likizo kuona mahali. Hataukumbuka mto wala hoteli. Anaenda ili aonwe. Kabla ya kupanga hoteli, ulizeni ni nani anayemngoja, na ana muda gani.

Na mchukue ngozi ya mbuzi, kama bado ipo kwenu.

Semeni nanyi, hasa watu wa Embu mliozaliwa na wazazi wa enzi zile: kamanda alijua au hakujua?

Nimesahau kuwamalizia habari ya vitu vya watu. Tuliporudi nilitenga siku moja ya kurudisha vyote.

Nilianza kwa Mzee Salim. Chupa ya chai ilikuwa imepasuka kioo cha ndani, nikaja na jogoo wa kumlipa. Alimpokea jogoo, akatikisa chupa, ikalia vigae. "Chupa kazi yake ni kupasuka, mwanangu. Mtoto mzima?" Nikasema mzima. "Basi safari zote mbili umezimaliza."

Nikaenda kwa mama. Nikampa ngozi, nikamweleza mate ya mzee yaliangukia wapi. Akauliza, "Umeiosha?" Nikasema bado, nikaomba radhi. Akasema, "Vizuri," akaitundika pale pale pa zamani bila kuiosha.

Wa mwisho alikuwa Mwalimu Mutuma. Nilimkuta nje ya darasa lake, wanafunzi wote madirishani. Nikamkabidhi kikapu. Akakikagua, akatoa ganda la ndizi, akalitupa.

"Haya," akasema kwa sauti, ili darasa lisikie. "Ulivuka Thuci?"

Nilikuwa na watu arobaini wakinitazama. Nilikuwa na diploma.

"Nilivuka," nikasema.

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Mutuma akageukia dirisha, akawaambia wanafunzi wake, "Mwalimu wenu ni mwongo." Wakapiga makofi. Alinipa mkono, muungwana kabisa. Miaka yote tuliyoishi jirani alisimulia habari ya kuvuka kwangu kuliko nilivyoisimulia mimi, na nilimwacha. Tulimzika akiwa anaamini hivyo.

Wakuu, kituo kilikuwa upande wetu wa daraja. Sikuvuka. Aliyevuka ni yule mzee asiyeweza kusimama.